Msiniulize Programu Gani, Niulizeni Diski Gani

Wanachuo wenzangu, kila bumu likitoka simu yangu hujaa meseji za aina moja. "Kaka, laptopu imekuwa nzito, nitumie ile programu ya kudifragi." "Broo, kati ya Defraggler na Auslogics ipi kali?" "Una ile ya kulipia, iliyokrakiwa?" Wanaoniuliza wanajua kwamba nyumbani kwetu ni Vingunguti, na kwamba wikiendi na likizo nashinda kwenye steshenari ya mjomba, njia ya kwenda machinjioni. Pale tunatoa kopi, tunachapa barua za kuomba kazi, na kompyuta zikiugua tunazitibu.

Kwa miaka miwili nimewajibu mmoja mmoja. Leo najibu wote kwa mpigo, na najua jibu langu litawaudhi baadhi, hasa mafundi wenzangu: swali la programu gani ni swali la mwisho, sisi tumeligeuza kuwa la kwanza. Wengi wenu hamhitaji kuchagua programu yoyote ya kupanga diski. Na kuna wachache ambao kuiendesha tu programu hiyo kunaweza kuwagharimu mwaka mzima wa masomo. Nasema hivyo kwa sababu nimeshamgharimu mtu.

Mwaka jana, muhula wa pili ukielekea ukingoni, alikuja dada mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea ualimu. Hakuwa mgeni, alipanga chumba mtaa wa pili kutoka kwetu. Alimwamkia mjomba shikamoo, kisha akanigeukia.

"Mambo kaka. Nisaidie bwana, naandika ripoti ya utafiti lakini Word peke yake inachukua dakika nne kufunguka. Nikigusa tu, inaganda."

Nikaifungua. Laptopu ya mtumba, diski ya GB 500, imejaa mpaka pomoni. Ilikuwa inalia tik, tik, kama saa ya ukutani. Niliisikia kabisa, nikaidharau.

"Hii imechafuka tu, dada. Vipande vimetawanyika. Naipanga usiku, kesho asubuhi unachukua. Elfu tano."

Elfu tano kwa mtu anayeishi kwa shilingi 10,000 za Bodi ya Mikopo kwa siku ni nusu siku ya kula na kulala. Akatoa. Nikachomeka flashi yangu, nikaweka programu ya kulipia ambayo sikuwahi kuilipia, ile yenye vimraba vya rangi vinavyohama kwenye skrini mpaka mteja anaona kazi inafanyika. Nikafunga ofisi, nikaenda kulala.

Asubuhi vimraba vilikuwa vimesimama. Diski ilikuwa inagonga kwa nguvu. Nikazima, nikawasha, na Windows haikuwaka tena. Nikaitoa diski na kuiweka kwenye kompyuta nyingine, haikusomeka. Ripoti ilikuwa humo. Nakala pekee iliyokuwa nje ni sura tatu za mwanzo ambazo alimtumia msimamizi wake kwa barua pepe wiki kadhaa nyuma. Sura ya nne, majedwali na uchambuzi wote vilikuwa vimekwenda.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja: "Kaka, kwani hukuipima kwanza?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi hata zahanati hawakupi dawa ya malaria bila kukutoboa kidole. Mimi nilitoa dawa kwa kumwangalia mgonjwa usoni, tena dawa yenyewe ya wizi.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu hiyo dawa, maana wengi wanaiomba bila kujua inafanya nini.

Asiyejua diski ya zamani inavyofanya kazi aje Vingunguti alfajiri. Ng'ombe anaingia machinjioni mzima, anatoka vipande. Paja linakwenda bucha hili, utumbo unakwenda ubao ule, kongoro limepakiwa kwenye bodaboda kuelekea Buguruni. Sasa fikiria umemtuma kijana mmoja tu akukusanyie ng'ombe yuleyule. Atazunguka mpaka jasho limtoke, na wewe utasema kijana ni mvivu. Kijana si mvivu. Nyama iko mbali mbali.

Ndivyo ilivyo HDD, diski yenye sahani zinazozunguka. Faili lako halikai mahali pamoja kama daftari, linagawanywa katika vijisehemu, na kwenye mfumo wa NTFS unaotumiwa na Windows kijisehemu cha kawaida ni KB 4. Nafasi ikibana, vijisehemu hivyo vinatupwa popote penye upenyo. Kichwa cha kusomea ni kimoja kwa kila uso wa sahani, na vichwa vyote vinasogea pamoja. HDD nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11. Inaonekana kidogo, lakini faili likiwa katika vipande 1,000 unangoja sekunde nzima nzima kwa ajili ya sahani tu, hapo mkono wa kichwa bado hujauhesabia safari zake. Kudifragi ni kuvirudisha vipande hivyo pamoja ili kijana wako aende bucha moja. Ni kazi ya kweli, na kwenye HDD nzima iliyotawanyika inasaidia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye kuinunua, kuitafutia kraki au kuilipia elfu tano, wakati unayo tayari.

Zamani ilikuwa na maana kuhangaika. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 haikuja na programu ya kupanga diski, ilibidi mtu anunue ya kampuni nyingine. Windows 2000 ikaja na toleo lililopunguzwa la Diskeeper. Windows XP ya 2001 ilikuwa nayo, ila lazima uikumbuke mwenyewe. Kuanzia Windows Vista kazi hiyo ikawekewa ratiba, ikawa inajifanya yenyewe kila wiki. Windows 7 ratiba yake ya kawaida ilikuwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano. Kuanzia Windows 8 imeingizwa kwenye matunzo ya usiku ambayo mashine inajifanyia yenyewe ikiwa imechomekwa kwenye umeme na hakuna anayeitumia.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Imechomekwa kwenye umeme, na hakuna anayeitumia. Ni nani kati yetu ana laptopu ya namna hiyo? Tunachomeka kwa zamu kwenye soketi moja ya chumba cha watu wanne. LUKU ikiisha saa nne usiku tunafunga na kulala. Tukiamka tunaingia nayo daladala. Kwa hiyo mashine haipati usiku hata mmoja wa kujipanga, halafu tunasema Windows haifai, tutafute programu kali. Wengi mnaoniomba programu, mnachohitaji ni kuiacha laptopu imewaka na chaja imechomekwa usiku mmoja, bila kuigusa. Kwa hiyo huduma niliyokuwa nauza kwa elfu tano, sehemu kubwa yake ilikuwa ni umeme wa mjomba.

Hapa najua rafiki zangu wa kompyuta watasimama. Kuna mmoja tunabishana naye kila tukikutana kantini. Anasema ya Windows ni ya watoto, na kwamba programu za nje zinapanga vizuri zaidi. Nimsikilize kwa haki, maana ana hoja. Kuanzia Vista, Windows haijisumbui na kipande ambacho tayari kina ukubwa wa MB 64 au zaidi, na wenye programu za nje hulitumia hilo kama tangazo. Ni kweli pia kwamba Defraggler inakuruhusu kuchagua faili moja au folda moja badala ya diski nzima. Ukiwa unahariri video kwenye HDD kubwa, hilo lina maana. Lakini hata hapo huhitaji kulipa. Kuna Contig, programu ndogo ya Mark Russinovich kwenye mkusanyiko wa Sysinternals, na Microsoft yenyewe inaigawa bure.

Na kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Tangu NT 4.0, Windows ina mlango rasmi ambao programu yoyote inaweza kupitia ikiomba kipande kihamishwe kutoka hapa kwenda pale. Programu nyingi za kupanga diski, za bure na za kulipia, zinapita mlango huohuo. Zinatofautiana katika kuchagua nini kikae wapi, na katika rangi za vimraba. Kuhusu kipande cha MB 64, piga hesabu mwenyewe: kuruka kutoka kipande kimoja cha ukubwa huo hadi kingine kunachukua milisekunde chache, baada ya kusoma mfululizo kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Ripoti yako ya Word yenye MB 3 haitaiona tofauti hiyo mpaka unahitimu.

Halafu kuna wenye SSD, na ninyi mnaongezeka kila mwaka. SSD haina sahani wala mkono, kwa hiyo hakuna kijana wa kutuma bucha kwa bucha. Vipande vikiwa vimetawanyika ni karibu sawa na vikiwa pamoja. Isitoshe, chembe za SSD zina kikomo cha mara zinazoweza kuandikwa kabla ya kuchoka. Kuhamisha mafaili yote huku na huko kwa mtindo wa HDD ni kuitumia bure. Windows inalijua hilo. Windows 7 ilizima ratiba ya kudifragi kwa SSD, na kuanzia Windows 8 kitufe kilekile kikibonyezwa kwenye SSD kinafanya kazi nyingine, kinaiambia diski ni sehemu zipi hazina tena mafaili ili ijisafishe. Fundi anayekudifragia SSD kwa programu yake ya zamani anakuchukulia hela na kukupunguzia uhai wa diski kwa siku moja.

Sasa hizo kraki. Nasema kama mtu aliyekuwa na flashi imejaa. Kraki nyingi zinaanza na sharti moja: zima antivairasi kwanza. Jamani, mtu usiyemjua anakwambia fungua mlango, mfungie mbwa, nenda kalale, na wewe unatii kwa sababu anakupa bure kitu ambacho tayari kipo ndani ya nyumba yako. Hata programu halali inaweza kuingiliwa. Septemba 2017 iligundulika kwamba toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta inayotoka kwa watengenezaji walewale wa Defraggler, lilikuwa limepenyezwa kirusi na wahalifu, na watu walikuwa wanalipakua kutoka kwenye mlango rasmi. Zaidi ya mashine milioni 2 zilikuwa na toleo hilo. Kama hayo yanawapata wanaopitia mlango wa mbele, sisi tunaopitia dirishani kwa flashi ya mshikaji tunajiamini kwa lipi?

Basi tufanyeje laptopu ikiwa nzito? Nitawapa utaratibu ninaoufuata sasa. Ufuateni kwa mpangilio huu huu, maana mpangilio ndio wenye maana.

La kwanza, nakili. Kabla ya kugusa chochote, ripoti, madodoso, picha za vyeti, vyote viende mahali pengine pawili: flashi na barua pepe yako mwenyewe. Ripoti ya yule dada ilikuwa faili moja. Kuinakili kungenichukua dakika moja.

La pili, pima. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ikiwa bluu, diski haijaonyesha dalili mbaya. Ikiwa njano, tahadhari. Ikiwa nyekundu, hali ni mbaya. Bluu si hati ya kiapo, diski inaweza kufa ghafla. Lakini ikiwa njano au nyekundu, au unasikia tik, tik, usidifragi kabisa. Kudifragi ni kusoma na kuandika upya kwa saa nyingi mfululizo, ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo kutoka Vingunguti mpaka Kariakoo ili umwongezee nguvu. Diski hiyo nakili unachoweza, kisha ibadilishwe.

La tatu, jua ni diski gani. Andika dfrgui kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila diski, aina yake, na lini ilipangwa mara ya mwisho. Ikiwa ni SSD, iache Windows ifanye kazi yake. Ikiwa ni HDD, kwanza bonyeza kitufe cha kuchunguza, usome asilimia. Ikiwa ni ndogo, tatizo lako si vipande.

La nne, tafuta nafasi na mzigo. Microsoft ilikuwa inashauri diski iwe na angalau asilimia 15 ya nafasi tupu ili ipangike vizuri. Laptopu yenye GB 500 ambayo GB 480 ni muvi na sizoni za Kikorea haina pa kuegemea, hamisha hizo kwanza. Halafu angalia RAM. Mashine yenye GB 4 inayofungua kivinjari chenye kurasa 20 pamoja na Word haitaponywa na programu yoyote ya kupanga diski duniani.

Ukishamaliza hayo manne, na diski ni HDD, nzima, ina nafasi, na imetawanyika kweli, hapo sasa niulize programu gani. Na jibu langu litakuwa: ileile iliyokuja na Windows, bonyeza, chomeka chaja, kalale.

Na kama una hela ya kutumia, usimpe fundi kidogo kidogo. Kadunduliza. Mdogo wangu tulimnunulia SSD ya GB 256 Kariakoo kwa elfu sabini, tukamwekea badala ya HDD. Laptopu ileile iliyokuwa inachukua dakika tatu kuwaka, sasa anawasha na kabla hajamaliza kuvua begi iko tayari. Elfu sabini ni nyingi, sikatai. Lakini ni sawa na kudifragiwa mara kumi na nne, na kudifragiwa mara kumi na nne hakutampa hicho alichokipata.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Kila muhula ukianza tunakuwa na meza za vilabu, meza za laini za simu, meza za fulana. Wekeni na meza ya diski. Wanafunzi wa kompyuta wapo, wanatafuta pa kujifunzia. Siku mbili tu: mwanafunzi anakuja na laptopu, anasaidiwa kunakili kazi zake, diski inapimwa, anaambiwa ni ya aina gani na ina hali gani. Bure. Wanaoandika tafiti wapewe kipaumbele. Tunachangishana rambirambi mwenzetu akifiwa, na ni vizuri. Basi tuchangie na huyu asije akadisko kwa sababu ya diski.

Kwa mafundi wenzangu, ninyi mnaokaa vibandani kama mimi: tuache. Mjomba alinuna nilipobandika karatasi ukutani inayosema hatupangi diski ya mtu bila kuipima na bila nakala. Aliniambia, "Mwanangu, hiyo karatasi inafukuza wateja." Ni kweli, wengine wameondoka. Wengine tumewapima na kukuta hawahitaji kulipa kitu, wakatoa kopi mbili za cheti wakaenda zao. Mjomba bado ananuna kidogo.

Yule dada nilimrudishia elfu tano yake siku ileile, nikajua haitoshi. Bahati madodoso yake ya karatasi yalikuwa kwenye salfeti chini ya kitanda. Tuliyaingiza upya pale steshenari, yeye anasoma, mimi nachapa, usiku kumi na moja. Majibu tuliyarudisha. Muda hatukuurudisha. Tarehe ya kukusanya ripoti ilipita, na mahafali ya wenzake aliyatazama kwenye simu.

Huwa bado anapita ofisini, na kila akinikuta nimefungua laptopu ya mtu ananiuliza kwa utani ambao mimi siuoni kuwa utani: "Umeipima?"

Siku hizi namjibu ndiyo. Nanyi mkija, muulizeni fundi wenu hivyohivyo kabla hajachomeka flashi yake.

Naomba kuwasilisha.